Ramani ya vituo vya maji

Ramani ya vituo vya maji ni kumbukumbu ya mahali ambapo wananchi wa eneo fulani huchota maji ya matumizi ya nyumbani. Kwa kila kituo huandikwa mahali kilipo (latitudo na longitudo), aina yake, mwaka kilipojengwa, aliyekijenga, anayekisimamia, na kama siku ya ukaguzi kilikuwa kinatoa maji au la. Kituo kinaweza kuwa bomba la kijiji, kisima chenye pampu ya mkono, chemchemi iliyojengewa au lambo.

Nchini Tanzania kazi hiyo ilianza katikati ya miaka ya 2000 katika wilaya chache, zikiwemo za mkoa wa Singida. Baadaye ilifanyika nchi nzima chini ya Wizara ya Maji, hasa kati ya miaka 2011 na 2013. Sehemu kubwa ya data zake iliwekwa wazi, ikatumiwa na wataalamu, waandishi wa habari na wanafunzi katika nchi nyingi. Ni mfano mmojawapo wa jinsi teknolojia na takwimu zinavyoweza kueleza maisha ya watu, na pia wa jinsi zinavyoweza kuwaacha watu haohao nje ya hesabu.

Kabla ya ramani

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lake lilikuwa kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Visima vingi vilichimbwa na mabomba kutandazwa, lakini lengo halikufikiwa. Mitambo mingi iliharibika kwa kukosa mafuta, vipuri na mafundi.

Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilibakiza kipimo cha mita 400. Kwa mujibu wa sera hiyo, kituo kimoja kinatakiwa kuhudumia watu 250, na kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku. Wananchi walitakiwa kuchangia ujenzi, kumiliki miradi yao na kugharamia uendeshaji.

Kwa miaka mingi asilimia ya watu wenye maji vijijini ilikadiriwa kwa kuhesabu miradi iliyojengwa. Kisima kikishajengwa, watu 250 walihesabiwa kuwa wamepata maji. Kisima hicho kikiharibika, mara nyingi watu walewale waliendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo taarifa ya ofisini ingeweza kuonyesha kijiji chenye maji wakati akina mama wa kijiji hicho wanachimba mchanga wa mtoni kutafuta maji.

Namna inavyofanyika

Mkusanyaji wa data hutembelea kila kituo akiwa na kifaa cha GPS, kamera na fomu. Kifaa hupokea mawimbi kutoka kwenye satelaiti na kuonyesha mahali alipo pamoja na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Kisha mkusanyaji hufungua bomba au kusukuma pampu ili kuona kama maji yanatoka, na kuwauliza viongozi wa kijiji au kamati ya maji maswali ya fomu. Awali majibu yaliandikwa kwenye karatasi na kuingizwa kwenye kompyuta baadaye. Siku hizi huingizwa moja kwa moja kwenye simu au kishikwambi.

Kila kituo huwa mstari mmoja katika jedwali kubwa. Programu ya ramani huugeuza kila mstari kuwa nukta. Nukta zikilinganishwa na idadi ya watu waliohesabiwa katika sensa, huweza kuonyesha kata ambazo zina vituo vingi kuliko mahitaji na nyingine ambazo hazina hata kimoja kinachofanya kazi.

Historia

Njia hii ilitumiwa na shirika la WaterAid nchini Malawi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shirika hilo liliileta Tanzania, ambako lilikuwa likifanya kazi katika mikoa ya Dodoma, Singida na Tabora. Wilaya nyingine zilifuata kupitia mashirika mengine.

Taarifa ya WaterAid ya mwaka 2009, iliyotokana na ramani hizo, ilieleza kuwa karibu nusu ya vituo vya maji vijijini havikuwa vikifanya kazi. Vilevile robo ya vituo vipya vilikuwa vimeacha kutoa maji miaka 2 tu baada ya kujengwa. Taarifa hiyo ilibadilisha mjadala: suala halikuwa tena idadi ya visima vya kujengwa pekee, bali pia ni vingapi vitabaki hai.

Baadaye Wizara ya Maji iliamua kuweka ramani nchi nzima kama sehemu ya Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, iliyoanza mwaka wa fedha 2006/07. Kazi ya kukusanya data ilifanywa na kampuni ya Kitanzania, GeoData Consultants.

Sehemu ya data hizo ilitumiwa na taasisi ya Marekani inayoitwa DrivenData katika shindano la kompyuta lijulikanalo kama Pump it Up. Washiriki walipewa mistari 59,400 yenye majibu ili wafundishe kompyuta kutambua vituo vinavyoelekea kuharibika, na mingine 14,850 ya kujipima. Kutokana na shindano hilo, visima vya vijiji vya Tanzania vimekuwa zoezi la kawaida kwa wanafunzi wa sayansi ya data duniani, wengi wao wakiwa hawajawahi kufika Afrika Mashariki.

Mkoa wa Singida

Singida upo katikati ya Tanzania, katika ukanda mkavu wenye msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mito mingi hukauka wakati wa kiangazi. Maziwa ya Singidani na Kindai yaliyopo karibu na mji wa Singida yana maji ya chumvi. Sehemu kubwa ya mkoa imo katika Bonde la Kati, ambalo maji yake hayafiki baharini bali huishia katika maziwa na mbuga za ndani ya nchi. Wakazi wa vijijini, wengi wao wakulima na wafugaji, hutegemea zaidi maji ya ardhini. Katika baadhi ya maeneo maji hayo yana chumvi au madini ya floridi kwa wingi.

Kati ya mistari 59,400 iliyotajwa hapo juu, 2,093 ni ya Singida. Hali yake ilikuwa hivi:

| Hali ya kituo | Singida | Orodha yote |
|---|---|---|
| Kinafanya kazi | 1,010 (48%) | 32,259 (54%) |
| Kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo | 128 (6%) | 4,317 (7%) |
| Hakifanyi kazi | 955 (46%) | 22,824 (38%) |

Takwimu hizi ni za sehemu ya vituo iliyotolewa kwa ajili ya shindano, si za vituo vyote vya mkoa. Pia ni za wakati ule, wala hazionyeshi hali ya leo. Hata hivyo zinaonyesha kuwa Singida ilikuwa na hali ngumu kuliko wastani wa orodha nzima.

Anayetaka kuzilinganisha na takwimu za sasa anapaswa kukumbuka kuwa mipaka imebadilika. Orodha ina majina ya Iramba, Manyoni, Singida Vijijini na Singida Mjini tu. Wilaya za Ikungi na Mkalama zilianzishwa baadaye kwa kumegwa kutoka Singida Vijijini na Iramba, na Halmashauri ya Itigi ilitoka Manyoni. Idadi ya watu wa mkoa nayo iliongezeka kutoka 1,370,637 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 2,008,058 katika sensa ya mwaka 2022.

Kutoka takwimu hadi maisha ya watu

Namba 955 peke yake haisemi mengi. Njia mojawapo ya kuielewa ni kurudi kwenye kipimo cha sera. Kama kila kituo kilikusudiwa kuhudumia watu 250, vituo 955 vilikusudiwa watu 238,750. Hii ni hesabu ya makadirio, si idadi ya watu waliohesabiwa. Katika kijiji chenye vituo vitatu, kimoja kikiharibika watu huhamia kwenye viwili vilivyobaki na foleni hurefuka. Katika kijiji chenye kituo kimoja, hawana pa kuhamia.

Njia ya pili ni kushuka hadi ngazi ya kaya. Kaya ya watu 5 inahitaji lita 125 kwa siku kwa kipimo cha lita 25 kwa kila mtu. Ndoo au dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa takriban kilo 20. Kwa hiyo zinahitajika safari 7 kwa siku kwa anayebeba ndoo moja kichwani. Kituo kikiwa umbali wa mita 400, kwenda na kurudi mara 7 ni kilomita 5.6. Pampu hiyo ikifa, na inayofuata ikawa umbali wa kilomita 2, safari hizo 7 zinakuwa kilomita 28. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kila siku. Matokeo yake ni kwamba kaya hupunguza maji. Huchota ndoo mbili au tatu, maji ya kunywa na kupikia yakapewa nafasi ya kwanza, na kuoga na kufua vikasubiri. Kaya yenye punda au baiskeli hubeba madumu manne kwa safari moja. Isiyo navyo hununua maji au humtuma mtoto, ambaye huenda akachelewa shule.

Kwa namna hii nukta moja iliyobadilika rangi kwenye ramani inaeleza kwa nini kaya mbili za kijiji kimoja haziathiriki sawasawa. Ramani haionyeshi nani ana punda. Hilo hujulikana kwa kwenda kijijini na kuuliza.

Majina ya vituo nayo yana habari. Mengi hutaja mahali palipo karibu: Shuleni, Zahanati, Msikitini, Kanisani, Sokoni. Mengine huanza na neno "Kwa" likifuatiwa na jina la mtu anayeishi hapo karibu. Kituo kinachoitwa Zahanati ambacho hakitoi maji kinamfanya msomaji ajiulize akina mama wanajifungulia katika mazingira gani. Anayechapisha data hizi anapaswa kuwa mwangalifu na majina ya watu binafsi, kwa kuwa jina likiambatana na latitudo na longitudo huonyesha nyumba ya mtu.

Suala la malipo

Orodha ya vituo 59,400 inaonyesha pia jinsi wananchi walivyochangia gharama. Katika vituo 25,348 watumiaji hawakulipa chochote, na kati ya hivyo asilimia 45 vilikuwa vinafanya kazi. Palipolipwa kila mwezi, asilimia 66 vilifanya kazi. Palipolipwa kila mwaka, asilimia 75.

Ni rahisi kuhitimisha kuwa wananchi wakilipa maji yatatoka. Huenda ni kweli kwa sehemu, kwani fedha hununua vipuri na kumlipa fundi. Lakini jambo hili lina upande wa pili: watu huacha kulipia bomba lisilotoa maji. Aidha kijiji maskini huenda hakina uwezo wa kulipa, na huenda ndicho chenye mitambo ya zamani zaidi. Jedwali linaonyesha kuwa mambo mawili yanaambatana, lakini halisemi lipi limesababisha lingine. Kosa hili hutokea mara nyingi katika matumizi ya takwimu, na lina madhara pale linapotumika kuwalaumu wananchi kuwa hawataki kuchangia.

Mapungufu ya data

Data za vituo vya maji zina dosari ambazo msomaji anatakiwa kuzijua:

- Mistari 20,709 kati ya 59,400 ina sifuri badala ya mwaka wa ujenzi, hivyo umri wa kituo haujulikani.
- Mistari 1,812 ina longitudo ya sifuri. Ikichorwa jinsi ilivyo, vituo hivyo huonekana vipo baharini, katika Ghuba ya Guinea, magharibi mwa Afrika.
- Mistari 21,381, yaani asilimia 36, ina sifuri katika safu ya idadi ya watu wanaozunguka kituo.
- Hali ya kituo ni ya siku ya ukaguzi. Kisima kilichokuwa na maji mwezi Machi kinaweza kuwa kimekauka Oktoba.
- Vyanzo vya asili visivyoboreshwa, kama mashimo ya mchangani, kwa kawaida havikuandikwa, ingawa watu wengi huchota huko.

Dosari ya tatu ndiyo kubwa zaidi kwa anayetaka kueleza maisha ya watu. Kompyuta huichukulia sifuri kuwa namba kama namba nyingine, ikahesabu kwamba pale hapana mtu. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahesabu. Anayetafuta wastani bila kuondoa sifuri hizo hupata jibu lisilo sahihi, na vijiji hivyo huonekana havina uhitaji.

Wananchi kama watoa taarifa

Ramani huchakaa haraka, kwa kuwa pampu zinaweza kuharibika kesho yake. Ndiyo maana palikuwa na majaribio ya kuwafanya wananchi wenyewe watoe taarifa. Jaribio linalojulikana zaidi ni Maji Matone, lililoendeshwa na shirika la Daraja lenye makao Njombe. Mwananchi alitakiwa kutuma ujumbe mfupi wa simu bomba likiharibika. Ujumbe ulipelekwa kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vilifuatilia kama hatua imechukuliwa.

Waandaaji walitarajia kupata ujumbe 3,000, walipata 53. Mwishoni mwa mwaka 2011 shirika lilitangaza hadharani kuwa mpango haukufanikiwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ukosefu wa mtandao wa simu karibu na vituo, na ukweli kwamba kazi ya kuchota maji ni ya wanawake na watoto, ambao mara nyingi hawakuwa na simu. Isitoshe wananchi wengi hawakuamini kuwa kulalamika kungeleta mabadiliko. Kisa hiki hutajwa mara kwa mara na wataalamu wa teknolojia kwa maendeleo, hasa kwa kuwa ni mashirika machache yanayokiri kushindwa.

Sheria na upatikanaji wa takwimu

Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Katika kipindi hicho serikali ilifungua tovuti ya takwimu huria, ambako data za maji, elimu na afya ziliwekwa kwa umma.

Sheria ya Takwimu ilipitishwa mwaka 2015. Marekebisho ya mwaka 2018 yaliweka adhabu kwa anayetangaza takwimu zinazopotosha au kupinga takwimu rasmi, jambo lililowatia hofu watafiti na waandishi wa habari. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa tena, na haki ya mtu kukusanya na kuchapisha takwimu zake ikatambuliwa. Kwa suala la maji tofauti hiyo ni kubwa: anayehesabu mabomba ya kata yake na kupata jibu tofauti na la wilaya anahitaji kujua kama anaruhusiwa kulisema.

Hali ya baadaye

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanza kazi Julai 2019. Wakala ulichukua majukumu ya maji vijijini yaliyokuwa chini ya halmashauri. Miradi ya vijiji husimamiwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo vinatakiwa kuwa na fundi na mhasibu. Kumbukumbu za vituo hutunzwa kwa mfumo wa kidijitali.

Matumizi katika elimu na uandishi wa habari

Kwa kuwa data hizi zinahusu mambo yanayofahamika na kila mwanafunzi wa kijijini, zinafaa kwa masomo ya Jiografia, Hisabati na Uraia. Darasa linaweza kuorodhesha vituo vya kijiji chake, kupima umbali kwa hatua, kuhesabu watu katika foleni saa za asubuhi na jioni, kisha kulinganisha na kipimo cha sera.

Waandishi wa habari hutumia utaratibu unaofanana. Huanza na jedwali ili kujua mahali penye tatizo kubwa, huenda hapo kuthibitisha kwa macho, husikiliza wanaochota maji, na hurudi kwenye jedwali kuona kama habari ya kijiji kimoja ni ya vijiji vingi. Takwimu bila ushuhuda haionyeshi tatizo linavyoishiwa na watu. Ushuhuda bila takwimu nao huweza kupuuzwa kuwa ni malalamiko ya mtu mmoja.

Tazama pia

- Mkoa wa Singida
- Maji ya ardhini
- Sensa
- Takwimu
- GPS